Milima ya Upare katika Maji ya Ziwa Jipe

Wiki hii nimeanza tabaka la pili la picha yangu ya Ziwa Jipe, na sehemu inayonishughulisha kuliko zote ni maji. Anayelitazama ziwa hilo kutoka upande wa Kenya huiona Milima ya Upare Kaskazini ikiinuka ng'ambo, katika ardhi ya Tanzania, na asubuhi, kabla upepo haujaanza, milima hiyohiyo huonekana ndani ya maji kichwa chini. Ni rahisi kudhani kwamba ukishamaliza kuchora mlima kazi imebaki kuupindua tu, lakini ziwa halinakili kinachoonekana juu yake.

Nimelijua hilo kwa kuyatazama matete. Kwa mtu aliyesimama ukingoni, ncha za matete yaliyo mbele yake hufika chini tu ya mlima, na mteremko wote huonekana wazi. Ndani ya maji, matete hayohayo huupanda mlima na pengine kukifunika kilele chake. Sababu ni kwamba taswira ya majini huonekana kama vile jicho lingekuwa chini ya uso wa ziwa, kwa kiasi kilekile ambacho lenyewe liko juu yake. Na kitu kilicho karibu kikitazamwa kutoka chini hufunika mengi yaliyo nyuma yake. Ukichuchumaa karibu na maji, tofauti hiyo hupungua. Naona huu ni uzuri mkubwa wa kazi hii, kwamba hata kimo cha mchoraji kimo ndani ya picha.

Rangi nazo hubadilika. Maji hayarudishi nuru yote, kwa hiyo anga angavu huwa na weusi kidogo ziwani, ilhali miteremko yenye kivuli hupauka, hasa maji yakiwa na udongo. Milima yenyewe naichanganya kwa buluu nzito ya ultramarini na sienna iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, ambazo pamoja hutoa kijivu chenye uhai kuliko rangi nyeusi ya kununua. Kadiri safu za milima zinavyokwenda mbali ndivyo ninavyopunguza sienna na kuongeza buluu na nyeupe, kwa kuwa hewa iliyo katikati hutawanya nuru ya buluu na kufifisha kila kivuli.

Rangi za mafuta zinanifaa kwa sababu ya upole wake wa kukauka. Mafuta ya kitani yaliyochanganywa ndani yake hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hugeuka kuwa magumu kwa kunyonya oksijeni, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa au zaidi. Kwa hiyo tabaka la kwanza nililizimua kwa tapentaini, na hili la pili lina mafuta zaidi, kwani tabaka la juu likitangulia kuwa gumu huku la chini bado linasogea, picha hupasuka. Katika muda huo rangi ikiwa mbichi, naivuta taswira ya mlima moja kwa moja kwenda chini kwa brashi pana, kisha naipitisha brashi kavu kwa mlalo, kwa mkono mwepesi sana, mpaka kingo zilainike na maji yatulie.

Namshukuru pia John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyesajili mwaka 1841 hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mirija ya bati ya kuhifadhia rangi. Kabla yake wachoraji waliweka rangi za mafuta katika vibofu vya nguruwe, na kuzibeba hadi ukingoni mwa ziwa kulikuwa na taabu.

Tabaka hili likishashika nitaongeza mistari myembamba ya rangi ya anga mahali upepo unapoanza kugusa maji, nikiikata taswira ya milima katikati. Matete nayaacha mpaka mwisho, kwa rangi nzito yenye mafuta mengi kuliko zote.