Jinsi nilivyoitengeneza bimu ya nyuma ya Vitz yangu hadi pua ikakubali kona

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikishiriki, pamoja na jamaa wachache wa hapa Unguja, katika mchezo wa otokrosi, ambao ni kuendesha gari moja baada ya jingine katikati ya koni zilizopangwa huku mtu akishika saa. Hatuna uwanja maalumu. Tunatumia kiwanja cha zege upande wa Maungani ambacho mwenyewe huegeshea malori, na ambacho hutuachia asubuhi za Jumapili kabla jua halijawa kali. Gari langu ni Toyota Vitz ya mwaka 2001, injini ya sisi 1300, gia za mkono, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika, kama yalivyo mengi ya visiwani hapa.

Tatizo lake lilikuwa moja, nalo lilinisumbua tangu siku ya kwanza. Nikiingia kona kali, usukani nimeukata vya kutosha, lakini pua ya gari inakataa kugeuka na gari linazidi kwenda mbele kuelekea kwenye koni. Nikiongeza mafuta ili nitoke kwenye kona, gurudumu la mbele la upande wa ndani linazunguka bure na kutoa moshi. Kwa kuwa lililoshindwa ni gurudumu la mbele, kila niliyemuuliza alinielekeza mbele: nibadilishe springi za mbele, ninunue matairi mapana, nishushe gari. Nilipoteza miezi kadhaa kwa njia hiyo kabla sijaelewa kwamba katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, sehemu kubwa ya dawa ya pua iko nyuma.

Sababu yake ni hii. Gari la aina hii lina kama asilimia 60 ya uzito wake mbele, na matairi ya mbele ndiyo yanayovuta, yanayogeuza na yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Linapokata kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na jumla ya uzito unaohama hutokana na ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito wa gari na upana kati ya magurudumu. Ugumu wa springi na wa stebilaiza, yaani chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, haubadilishi jumla hiyo kwa kiasi cha maana. Kazi yake ni kuugawa, kiasi gani kibebwe na ekseli ya mbele na kiasi gani na ya nyuma. Tairi nalo lina tabia yake: ukiliongezea mzigo mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili, bali huongezeka kwa kiasi kidogo chini ya hapo. Kwa hiyo ekseli inayobeba sehemu kubwa zaidi ya mhamo huo ndiyo inayopoteza mshiko zaidi. Ukiukaza upande wa nyuma, unauondolea upande wa mbele sehemu ya mzigo huo, na gurudumu la mbele la ndani linabaki limekanyaga chini.

Bimu ya nyuma ya Vitz ni mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye bodi kuelekea nyuma, kila mmoja ukishika gurudumu lake, na kati yake kuna boriti ya bati nene lililokunjwa mfano wa mfereji. Boriti hiyo ni ngumu kuipinda, lakini imeachwa wazi upande mmoja kwa makusudi ili iweze kujisokota gurudumu moja linapopanda na jingine kushuka. Kwa maneno mengine, boriti yenyewe ni stebilaiza. Ni muundo wa bei nafuu na usiochukua nafasi, na ulienea sana baada ya Volkswagen kuutumia kwenye Golf ya kwanza mwaka 1974.

Nilianza na kitu kisicho na gharama, yaani upepo. Nilichora mistari ya chaki kwenye mabega ya matairi yote manne, nikaendesha mizunguko mitatu, kisha nikaangalia chaki imefutika mpaka wapi. Mbele ilikuwa imefutika hadi ubavuni, ishara kwamba tairi linalala, nikapandisha kutoka pauni 30 hadi 35. Nyuma nilipandisha hadi 38 ili kupunguza mshiko kidogo. Kwenye njia yetu iliyokuwa ikinichukua sekunde 44.6, nilipata 43.9 siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo ndipo nilipogundua jambo lililokuwa limejificha. Nikipita koni za mfululizo, mkia ulikuwa unachelewa, halafu unakuja kwa ghafla. Nilimpelekea gari mzee mmoja fundi wa Mwanakwerekwe, akalipandisha kwenye stendi, akaingiza mtaimbo kati ya mkono wa bimu na bodi, akausukuma taratibu. Bushi, yaani kiungo cha raba kinachoushikiza mkono wa bimu kwenye bodi, ilisogea mpaka nikaona nafasi ya kuingiza ncha ya kidole. Raba ilikuwa imepasuka duara zima, na kuta za chuma zilizoishika zilikuwa zimeliwa na kutu ya hewa ya chumvi.

Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Tairi linagusa ardhi nyuma ya bushi, hivyo nguvu ya kona inapoisukuma bimu upande, bimu nzima hutaka kujizungusha kwenye bushi zake, na gurudumu la nje hutazama nje ya kona. Ni sawa na mtu kushika usukani mwingine nyuma yako. Watengenezaji wengi huzipanga bushi hizi kwa mshazari ili kupunguza tabia hiyo, lakini raba ikishapasuka, mpango huo haufanyi kazi tena.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibikiwa. Bushi mpya za kwanza nilifungiwa katika gereji nyingine, na bolti zikakazwa gari likiwa limenyanyuliwa, magurudumu yananing'inia. Bushi ya aina hii haizunguki. Raba yake hujinyonga. Ukikaza wakati bimu imening'inia, gari likishushwa chini raba inakaa imenyongwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Baada ya miezi minne zilikuwa zimeanza kuchanika. Mara ya pili yule mzee alifanya inavyopaswa: aliangalia kwanza matundu ya kwenye raba yanaelekea wapi kabla ya kuzishindilia kwa presi, akafunga bolti kwa mkono tu, akalishusha gari likakaa kwa uzito wake, akalitikisa, ndipo akalala chini na kukaza. Tangu hapo mkia haukuchelewa tena. Saa ilionesha 43.5, lakini faida kubwa kwangu ilikuwa kwamba mzunguko wa tano ulifanana na wa kwanza.

Bimu haina mahali pa kurekebishia uelekeo wa magurudumu. Nilipima kwa uzi: nilifunga nyuzi mbili kwenye stendi, moja kila upande, zikiwa zimenyooka sambamba na gari, nikapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Gurudumu la kushoto lilikuwa limetazama ndani kwa milimita 3 na la kulia kwa milimita 1. Fundi wa mashine ya kukereza vyuma alinitengenezea visahani viwili vilivyonyolewa mshazari, vya kuwekwa kati ya habu, yaani kitovu kinachofungwa gurudumu, na bimu. Sikukubali vijipande vya bati vya kushindilia upande mmoja, kwa kuwa huiacha habu bila kukaa sawasawa na mzigo wote unakwenda kwenye bolti. Kwa rimu zangu za inchi 14, tofauti ya nusu milimita kwenye kisahani inageuza gurudumu kwa takriban milimita 2, kwa hiyo kazi hii haitaki kukisia. Niliyanyoosha magurudumu yote mawili yakawa sambamba kabisa. Wapo wanaoyafungua yatazame nje ili mkia uzunguke upesi, na kwenye koni inasaidia kweli, lakini gari langu hurudi nyumbani kwa barabara ya umma, na katika mvua za masika gari la namna hiyo linaweza kukugeuka bila kukupa nafasi.

Ikabaki kuukaza upande wa nyuma wenyewe. Mawazo yangu yalikuwa kuchomelea bomba katikati ya boriti.

"Ami, tukichomelea bomba hapa kati, si itakuwa ngumu?" nilimuuliza yule mzee.

"Itakuwa ngumu, mwanangu, lakini bimu hii imewekwa ijisokote. Ukiifunga kwa moto hapa, itapasuka pembeni ya pale ulipochomelea, nawe uko njiani na watu."

Alikuwa sahihi. Tulitengeneza stebilaiza ya kufunga kwa bolti: chuma cha mviringo kilichojaa, urefu wa kama mita moja, chenye bamba nene kila mwisho, kikishikiliwa kwenye mikono ya bimu karibu na vikalio vya springi. Watu waliniambia nitafute chuma cha springi. Ukweli ni kwamba chuma cha kawaida na cha springi hukaribiana sana kwa ugumu wa kujisokota. Tofauti yao ni kiasi gani kila kimoja huvumilia kabla ya kubaki kimepinda, na katika urefu ule msokoto ni mdogo wa kutosha kwa chuma cha kawaida.

Kinachoamua ni unene, na ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Nilianza na milimita 20 na gari likabadilika mara moja: pua iliingia, gurudumu la ndani likaacha kuzunguka bure, sekunde 42.7. Kwa tamaa nikaruka hadi milimita 25, ambayo ina ugumu zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Mwenzangu alinirekodi kwa simu, na kwenye picha gurudumu la nyuma la ndani lilikuwa limenyanyuka shubiri nzima katika kila kona. Muda ukarudi hadi 43.1 na koni mbili zikalala. Nilikaa na picha ile usiku mzima mpaka nikaelewa: gurudumu likishakuwa hewani, ekseli ya nyuma imeshahamisha kila ilichokuwa nacho, na ugumu wa ziada hauwezi kuipunguzia mbele chochote tena, unabaki tu kuufanya mkia uchomoke mapema. Nilitengeneza cha milimita 22, ambacho kina ugumu wa karibu asilimia 46 zaidi ya cha 20. Gurudumu sasa linapapasa zege na kunyanyuka kidogo kwenye kona kali tu, na muda wangu bora ni sekunde 41.9.

Kabla ya kuondoka Maungani nafungua bolti za stebilaiza, naiweka kwenye buti, na narudisha upepo wa nyuma kuwa pauni 30, hasa mawingu yakiwa yametanda upande wa bahari. Nikifika nyumbani naiosha bimu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nalala chini yake na tochi, na kuangalia pale boriti inapokutana na mikono na pale mabamba yanapokaa, kama kuna ufa au rangi iliyoanza kubanduka. Mpaka leo sijaona.