Siku moja nyuma ya kaunta ya duka la sarafu, Norwich

Nikisema nafanya kazi duka la sarafu huku Uingereza, wazee nyumbani Tanga wanaelewa bureau de change, vijana wanaelewa bitcoin, na shangazi yangu mmoja yeye kashaamini kabisa kwamba nalalia dhahabu. Hamna kitu kama hicho jamani. Sisi tunanunua na kuuza hela za zamani za Waingereza, kuanzia peni za silva zilizogongwa kwa nyundo zama za kina Mfalme Henry mpaka hizi 50p (peni hamsini) zenye picha ya sungura, na kwa kweli kuuza kwenyewe ni kidogo, kazi kubwa ni kumwambia mtu "hii haina thamani mzee wangu" halafu atoke dukani bila kutukana. Ngoja niwape Alhamisi iliyopita ilivyokwenda.

Saa tatu kasoro. Nafungua, nazima alamu, natoa trei kwenye sefu, naangalia bei ya dhahabu na silva ya siku hiyo na kubadilisha namba kwenye ubao. Chai. Bosi kaenda London kwenye mnada kwa hiyo niko peke yangu.

Saa nne anaingia jamaa na buti zina matope, na hapo nikafurahi maana matope kwa huku maana yake mtu wa detekta, kifaa cha kutafutia madini ardhini. Mkoa wetu wa Norfolk umejaa hawa watu, wanaomba ruhusa kwa mwenye shamba wanatembea na kile kifaa masaa na masaa kwenye baridi, siku nyingi wanarudi na vifungo vya makoti na vizibo vya bia. Huyu alikuwa na kikopo kidogo, ndani pamba, ndani ya pamba peni ndogo nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikaiweka kwenye mizani, gramu 1.3 na ushee, nikachukua lenzi. Upande mmoja uso wa mfalme umechorwa kitoto kabisa, macho kama ya chura, upande wa pili msalaba mfupi na maandishi yamezunguka, jina la mfua sarafu halafu mji, na mji wenyewe NOR, yaani hapa hapa Norwich! Sarafu imetengenezwa mjini, imepotea shambani, miaka mia nane baadae imerudi mjini kwa basi.

Hizi za msalaba mfupi nazipenda kuliko zote. Zilianza 1180 chini ya Henry wa Pili, zikaendelea mpaka 1247, na zote zimeandikwa HENRICVS, yaani Henry kwa Kilatini. Akaja Richard, HENRICVS. Akaja John, HENRICVS vile vile, hawakujisumbua kubadilisha jina, kwa hiyo ukitaka kujua ni ya mfalme gani inabidi uhesabu vikunjo vya nywele na usome umbo la herufi. Mwaka 1247 ndo wakarefusha msalaba ukafika ukingoni, kwa sababu wajanja walikuwa wanakata kingo za sarafu wanajikusanyia silva, sasa ncha ya msalaba ikikosekana unajua hii imeshapunjwa. Jamaa hakuja kuuza, alitaka tu mtu wa kumwambia ni nini. Nikamwambia aipeleke kwa ofisa wa kusajili vitu vilivyookotwa aiandikishe, na akirudi pale shambani akaokota ya pili basi mambo yanabadilika, sheria ya hazina ya 1996 inasema sarafu mbili au zaidi za silva zenye zaidi ya miaka 300 zilizokutwa pamoja ni hazina, una siku 14 za kuripoti kwa koronea. Ndio, koronea, yule yule anayechunguza vifo. Msiniulize mimi.

Saa tano na kitu akaingia mzee wa 2p.

Nilimjua kabla hajafungua mdomo, kwa namna alivyoshika mfuko wa koti. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza mwenye duka yuko wapi. Nikasema hayupo, nikusaidie nini mzee. Akasema anamsubiri. Nikasema yuko London mpaka usiku. Akafikiria, akatoa bahasha, ndani ya bahasha kitambaa, ndani ya kitambaa kifuko cha plastiki, ndani ya kifuko 2p ya 1971. Imeandikwa NEW PENCE.

Sasa niwaeleze. Tarehe 15 Februari 1971 Waingereza walibadilisha hesabu ya hela yao, zamani pauni ilikuwa shilingi 20 na shilingi ilikuwa peni 12, jumla peni 240, wakahamia peni 100. Ili watu wasichanganye wakaandika NEW PENCE kwenye hizi mpya, na wakaendelea hivyo mpaka 1981, kuanzia 1982 wakaandika TWO PENCE. Ila mwaka 1983 kuna chache zilizowekwa kwenye seti za wakusanyaji ambazo kwa makosa zilitoka bado na NEW PENCE. Hizo ndo zenye pesa. Za 1983. Hizi za 1971 zilitengenezwa zaidi ya bilioni moja, ziko kila droo ya kila nyumba ya nchi hii.

Nikamweleza taratibu. Akatoa simu akanionyesha tangazo, mtu anauza 2p kama yake pauni 900. Nikamwambia mzee hiyo ni bei mtu anayoomba sio bei mtu aliyolipwa, hata mimi naweza kupiga picha ndala zangu nikaandika milioni. Nikamfungulia zilizouzwa kweli. Akasema hizo ni tofauti. Nikamuuliza tofauti gani, akasema yake inang'aa. Na kweli ilikuwa inang'aa, maana alikuwa ameisugua na ile dawa ya kung'arishia shaba, kitu ambacho kingeua bei hata kama ingekuwa ya 1983, mkusanyaji anataka ile rangi ya uzee, ukiisugua umeondoa ngozi ya juu na haioti tena. Hilo sikumwambia. Kila mtu ana kiasi chake cha kubeba kwa siku.

Akaanza upya. Akasema wenye maduka wote lugha yetu moja tunataka kununua kwa bei ya bure. Nikamwambia mzee mimi sitaki kuinunua kabisa. Hiyo ikamuudhi zaidi! Mteja mwingine akaingia kutaka sovereni, ile sarafu ya dhahabu, kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu, nikamhudumia, nikapima gramu 7.98 mbele yake, akalipa, akaondoka, mzee bado kasimama pale pale. Akapiga simu duka la mji mwingine, kaweka spika ili nisikie. Yule wa upande wa pili akauliza swali moja tu, "ya mwaka gani?", akajibiwa, kukawa kimya halafu tukasikia mtu anajizuia kucheka.

Hapo ndo ikatoka. Kumbe hakuikuta kwenye droo, kauziwa. Shemeji yake, baa, pauni 30. Mke alishamwambia. Alichokuwa anataka kwangu sasa sio pesa, alitaka karatasi, nimwandikie kwamba sarafu hii thamani yake ni peni mbili, akamwonyeshe shemeji. Nikaandika. Akaisoma akauliza kama tuna muhuri. Wallahi nilijihisi niko ofisi ya kata. Nikampigia muhuri wa duka, akakunja, akaweka kwenye bahasha pamoja na 2p, akasema asante dada, saa saba kasoro hiyo, na mimi chai yangu ya asubuhi bado ipo imeganda.

Wali maharage nimekula nimesimama.

Mchana ni kuchambua. Tulinunua gunia la hela za zamani za familia moja, shilingi, florini, nusu krauni, sikspensi, zote mchanganyiko, na kila moja lazima uigeuze usome mwaka, kabla ya 1920 huku maana hiyo ni silva asilimia 92.5, 1920 mpaka 1946 huku maana ni nusu tu, 1947 kuendelea tupa kule hiyo ni shaba na nikeli haina silva hata chembe, na nyingi zimelika mwaka hausomeki unainamisha kwenye taa mpaka macho yanauma, vidole vyeusi vinanuka chuma, simu inalia mtu anauliza mnanunua krauni za Churchill, zile sarafu kubwa za kumbukumbu, nasema zilitoka zaidi ya milioni 19 mwaka 1965 mama tunazo za kutosha, anauliza na ya harusi ya Charles na Diana, hizo zaidi ya milioni 26, anakata simu, kijana anaingia anataka 50p ya bustani ya Kew, ile ya 2009 zilizotoka 210,000 tu, namwambia siku hizi tafuta ya samaki samoni ya Mfalme Charles ya 2023, 200,000, imeshaipita kwa uadimu, macho yanamtoka, ananunua albamu ya pauni nane anaondoka na furaha zake. Saa ngapi sijui. Giza limeshaanza kuingia, mwezi wa kumi na moja huo.

Chini ya gunia kulikuwa na za nchi nyingine, ambazo bosi anatupia kwenye boksi la takataka peni 50 kila moja, na humo nikakuta senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu na pembe za ndovu zimepinda. Mwaka 1936. Nikaisoma mara mbili: EDWARDVS VIII, yaani Edward wa Nane. Huyu mfalme alikaa madarakani chini ya mwaka mmoja, akaachia ufalme Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke, sarafu zake za huku Uingereza hazikuwahi kutoka kwa matumizi. Moja ya dhahabu iliuzwa pauni milioni moja mwaka 2020. Lakini zetu zenye tundu hazikuhitaji sura yake, ilitosha jina, kwa hiyo zikagongwa kwa wingi zikaja kununulia mihogo na dagaa huko kwetu wakati London wenyewe hawana. Mwingereza tajiri anaililia milioni, bibi yangu alikuwa anaitumia sokoni Tanga. Nikaweka peni 50 kwenye droo ya duka, sarafu nikaweka mfukoni.

Parseli nimefungasha mbio mbio, posta wanataka kufunga, foleni, yule wa kaunta ananiuliza ndani kuna nini kama ananiona leo mara ya kwanza. Kurudi dukani kufunga sefu. Mgongo umekufa.

Kwenye basi nafungua WhatsApp, mjomba kanitumia picha ya shilingi ya mkoloni, ile ya simba na milima, kaikuta kwenye kasha la marehemu babu. Nikaanza kufurahi maana picha ya kwanza ilikuwa nzuri, nyeusi nyeusi imetulia, maandishi yote yapo. Nikateremsha. Picha ya pili inameta kama kijiko kipya, na chini mjomba kaandika: "Nimekusafishia kwa majivu na ndimu, sasa tupatie bei ya maana."

Nikaandika "shikamoo mjomba", nikazima data.