Safari ya moto, na kizibo juu

"Safari ya moto ni yako wewe, dada?"

Mhudumu alikuwa ameshaanza kuinama kwenye meza ya jirani, alipokaa mzee mmoja na gazeti lake. Nikamwambia lete hapa, ni yangu. Akaifungua, akakiegesha kizibo juu ya mdomo wa chupa kama ilivyo ada, akaondoka akitabasamu upande. Simlaumu. Mwaka 2009, nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikitokea Muheza, hata mimi ningemcheka mwanamke anayekunywa bia ya wazee, tena ambayo haijaona friji.

Kinywaji changu enzi hizo kilikuwa Redd's, baridi mpaka chupa itoe jasho. Hiyo ni boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likiingia. Tulikuwa tunahesabiwa shilingi 5,000 kwa siku, lakini hela haiji kila siku, inakuja ya siku sitini kwa mkupuo, na wiki mbili za mwanzo Mabibo Hosteli nzima inanuka kuku. Wiki ya tatu tunarudi kwenye wali maharage. Ya sita ni viroba: kipakiti cha Konyagi cha jero, tunakimimina kwenye Stoney Tangawizi, tunagawana watu wanne. Konyagi ina kilevi asilimia 35, na ile tangawizi kazi yake ilikuwa moja tu, kuificha. Nikitazama nyuma naona ndivyo nilivyokunywa miaka yote mitatu. Kila kilichokuwa kwenye glasi kilihitaji kitu cha kukifunika: sukari, barafu, tangawizi, muziki wa juu.

(Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Sikulia.)

Chakula nacho kilikuwa zege. Aliyeipa chipsi mayai jina hilo bila shaka alikuwa ameshalala nayo tumboni. Kijana wa Savei, jirani na chuo, alikuwa na kikaango cheusi kisicho na mkono, anatupia viazi vilivyokaangwa tangu jioni, anapasulia mayai mawili juu, anafunika kwa sahani, anageuza. Kufika saa tano usiku mafuta yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Halafu inakuja kachumbari ambayo robo tatu ni kabichi, na tomato iliyoongezwa maji mpaka inatiririka. Tulikula kwa vijiti, wima, tukirudi kwenye chumba cha watu wanne ambamo tulilala saba kwa kubebana. Nilikuwa naapa kwamba hakuna chakula kitamu kama kile. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, hivyo nikiulizwa nisingekuwa shahidi mzuri.

Mwaka 2013 nikapangiwa kufundisha Rombo. Kiswahili na Historia, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Mtoto wa Muheza, niliyelelewa kwenye machungwa na wali wa nazi, nikajikuta kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwezi wa saba, navaa sweta mbili darasani. Hapo ndipo bia ya moto iliponipata, na sababu yake haina uzuri wowote: kulikuwa na baridi. Grosari iliyo karibu na shule ilikuwa na friji, lakini mwezi huo hakuna mtu aliyeigusa. Ukisema "baridi" muuzaji anakuuliza kama unaumwa. Redd's hakuwa nazo. Alikuwa na Safari na Kilimanjaro, nikachagua Safari kwa sababu za kijinga kabisa: ina asilimia 5.5 na mwenzie 4.5, nami bado nilikuwa napiga hesabu za Mabibo.

Ile ya kwanza sikuimaliza. Bia ya baridi inagandisha ulimi, hivyo uchungu wake unaupata nusu. Ya moto inakuja yote. Unasikia nafaka, unasikia uchungu nyuma ya koo, unasikia hata kile kitu kama mkate kilichobaki ukishameza. Niliona kama nimepewa dawa.

Mwalimu wangu hasa alikuwa mama mwenye nyumba. Jumapili moja tukitoka kanisani akaniita uani, akachota mbege, pombe ya ndizi, kwa kata, akaonja yeye kwanza, ndipo akanipa. Sikuweza kukataa, mgeni anakataaje? Ilikuwa vuguvugu, chachu, nzito kama uji, na makapi ya ulezi yakanasa kwenye meno. Kisha ukaja uchungu, ukakaa. Macho yakanitoka machozi, naye akacheka mpaka akashika mti. Akanieleza kwamba ule uchungu ni msesewe, magamba ya mti. Ndizi mbivu zinachemshwa kutwa nzima, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi unaoteshwa na kusagwa na kupikwa, halafu msesewe ndio unaoitia adabu. "Bila msesewe, mwalimu, hii ni chakula cha mtoto."

Maneno hayo yalinigusa pabaya, maana chakula cha mtoto ndicho nilichokuwa nakunywa tangu nianze kunywa.

Sikubadilika siku ile. Ilichukua kama mwaka, na mbege ndiyo iliyonifundisha kuisoma Safari, si kinyume chake. Kata moja uani pale ilichukua saa nzima. Huwezi kuigugumia, na hakuna anayekusubiri uagize raundi nyingine. Unakunywa kidogo, unaongea juu ya mahindi, unakunywa kidogo. Uchungu unataka muda. Chuoni muda tulikuwa nao tele lakini tulikunywa kama watu wanaokimbizwa.

Mtori nao nilianza kwa kuudharau. Sisi watu wa Tanga ndizi bila nazi tunaiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Nilipokuja kuugua malaria mwaka 2014, mama yule alinipikia mtori siku nne mfululizo, nyama laini, ndizi zimesagika, chumvi kwa mbali. Siku ya nne nikaomba uongezwe. Kiburu, zile ndizi za kupondwa na maharage, bado hatujaelewana mpaka leo, na nadhani tutazeeka hivyo hivyo.

Kuna wenzangu wanaosema ladha zao "zimekua". Wengi nawajua, na nina mashaka. Mmoja wetu anakunywa mvinyo mwekundu mkavu na kukunja uso kila funda, kisha anasema una harufu ya mbao. Kwenye sherehe ya send-off ya mdogo wake nilimkuta nyuma ya hema na glasi ya Dompo, ile tamu ya Dodoma, amefumba macho kwa raha. Nikageuka nikaondoka kimya kimya. Mimi mwenyewe zege sikuliacha kwa hekima. Nikiwa na miaka thelathini na tatu kiungulia kiliniamsha saa nane usiku, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka adhana, nikaachana nalo. Dona ndiyo niliyoifuata kwa hiari: sekondari ya bweni nilikuwa naisukuma pembeni mwa sahani, siku hizi nabeba mahindi yangu mpaka mashineni na kumwambia kijana asikoboe.

Basi, mwezi wa kumi na mbili mwaka jana nilikuwa Dar, tukakutana watano wa chumba kile cha Mabibo, Savei ile ile. Mmoja ameokoka, anakunywa Bavaria isiyo na kilevi. Mmoja ana sukari, aliomba maji ya moto na limao. Yule wa mvinyo aliuliza kama wana mvinyo, hawakuwa nao, akachukua Castle Lite kwa uso wa mfiwa. Wa nne ananyonyesha. Mimi na Safari yangu na kizibo juu.

Mtu akasema tuagize zege, moja tu, kwa ajili ya zamani. Likaja na vijiti vitano. Tomato bado inatiririka. Tulilishambulia kwa kelele kama wasichana wa mwaka wa kwanza, dakika tatu hivi, kisha kila mmoja akaanza kuegemea kiti. Mwenye sukari alikula viazi viwili akatuonyesha vidole kwamba ni viwili. Nilipoangalia sahani, nusu nzima ilikuwa bado ipo, imeanza kuganda pembeni.

"Niwafungie?" mhudumu akauliza.

Anayenyonyesha akachukua, mdogo wake yuko mwaka wa pili, anakaa Mabibo, angempitishia njiani. Nikiwa kitandani hotelini, saa tano kasoro, akanitumia ujumbe: kijana amemaliza kabla gari haijageuza, na anauliza mbona tomato walitia kidogo.