Pete yangu imerudi bure, laki nane za mdogo wangu hazirudi

Jumapili nilivua glavu kishambani na pete yangu ya ndoa ikatoka nayo. Nilikuja kugundua nipo nyumbani naosha viazi. Nililia. Dhahabu ya pete ile baba aliitafuta Makongolosi kwa sululu na karai, chembe kwa chembe, na sonara wa Mbeya mjini aliiyeyusha baba akiwa amesimama palepale, maana hakuwa mtu wa kuacha dhahabu yake kwa mtu arudi kesho.

Huku Suffolk, Uingereza, nimekodi kipande cha shamba cha halmashauri, matuta machache tu. Nilichambua udongo kwa vidole hadi giza likaingia. Mzee wa kipande cha jirani, ambaye kwa miaka miwili hatujavuka salamu, akaniuliza nimepoteza nini. Kesho yake saa moja asubuhi nimemkuta ameshafika na mashine yake ya kutafutia vyuma.

Nilimfuata nyuma. Alipeleka lile duara la chini taratibu, kushoto na kulia, likikaribia kugusa udongo, kila mpito ukipanda juu ya ule uliopita. Akanieleza: ndani ya duara kuna koili, yaani waya uliozungushwa, inayotoa nguvu ya sumaku inayobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Metali ikipatwa na nguvu hiyo, umeme mdogo huzunguka ndani yake, nayo inarudisha sumaku yake, ndiyo mashine inayoisikia. Msumari ulitoa mlio mzito. Kwenye skrini kukatokea namba ya katikati, akapiga magoti. Karatasi ya foili. Tena namba ileile: kishikizo cha kopo la soda. Akasema pete ndogo ya dhahabu inasomeka karibu sawa na takataka hizo, kwa hiyo ukichoka kuchimba takataka umeiacha pete. Mara ya kumi na moja akakata udongo kama anayefunua kifuniko, akaupitisha chini ya mashine, akaumega. Ikaanguka kiganjani kwake, imejaa tope. Haikuwa chini hata sentimita 15.

Nikampa pauni 20. Akakataa. Pauni 20, ndugu zangu, pigeni hesabu wenyewe.

Nikamkumbuka mdogo wangu, na hasira ikanipanda upya. Mwezi wa tatu alinipigia: "Dada, kuna mtaalamu amekuja na mashine inayosoma dhahabu kilometa nzima, tena mita kumi chini." Karibu na Tukuyu kuna sanduku la rupia za Mjerumani, akaambiwa. Laki nane. Pesa ya parachichi zake yote, na laki tatu za kikoba juu yake. Ile "mashine" nimeiona kwenye picha: kiboksi chenye antena na fimbo mbili za shaba zinazoelea mkononi. Halafu akadaiwa mbuzi mweusi. Halafu simu ya mtaalamu ikazima.

Sikilizeni, mlio Rungwe, Chunya, Iringa. Mashine ya kawaida ikipata sarafu kwenye sentimita 25 imejitahidi. Kitu kikubwa kama sufuria kinaonekana chini zaidi, lakini hakuna inayoonyesha sanduku lililo kilometa moja. Na udongo wetu mwekundu una chuma kingi, mashine isiporekebishwa kwanza kwa udongo huo italia kila hatua. Vijana wa Chunya wenye mashine za kweli wanalijua hili, wanatembea siku nzima juani kwa kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi. Huyo mtaalamu wenu hata jasho halimtoki.

Yule mzee alinisimulia ya kijiji cha Hoxne, mkoa huuhuu. Mwaka 1992 mkulima alipoteza nyundo, rafiki yake Eric Lawes akaenda kuitafuta kwa mashine. Akakuta dhahabu na fedha ya Warumi, sarafu karibu 15,000. Hakuzoa zote usiku. Walitoa taarifa, wataalamu wa mambo ya kale wakaja kuchimba. Alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Na nyundo ilipatikana.

Kwa hiyo wewe unayekuja huku na ndoto ya kuokota: shamba lina mwenyewe, omba ruhusa kwanza, na hazina inaripotiwa ndani ya siku 14, la sivyo ni kesi. Nyumbani nako kuchimba mambo ya kale kunataka kibali, na dhahabu inataka leseni. Atakayekwambia mchimbe usiku kimyakimya ameshakuandalia sababu ya kutokwenda polisi akikimbia na pesa zako. Mdogo wangu hadi leo hajaripoti, anaogopa.

Mzee alikubali pakiti moja tu ya chai ya Rungwe. Jumamosi alinipungia mkono toka mbali, akasema ameimaliza nusu.

Laki tatu za kikoba nitalipa mimi mwisho wa mwezi. Nitamtumia mweka hazina moja kwa moja, nimeshamwomba mama namba yake.