Tulikuwa na Nyumba Brownlow Hill

Kutoka Leeds mpaka Liverpool mama mkwe wangu hakuuachia mkoba wake. Ndani ya mkoba mlikuwa na bahasha ya plastiki, na ndani ya bahasha cheti cha kuzaliwa cha marehemu mama yake. Treni ilikwama Huddersfield dakika arobaini, nikatoa sambusa nilizozifunga asubuhi. Akala moja kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado umeushika mkoba. Mimi namwita Mama, kama ilivyo kwetu Tanga. Wakamwana wenzangu wanamwita kwa jina lake, jambo ambalo hadi leo linanikwaruza masikio.

Cheti ni cha mwaka 1911. Penye mahali pa kuzaliwa pameandikwa 144A Brownlow Hill, barabara ya Liverpool. Kwa familia ya mume wangu hiyo ilikuwa hadithi ya heshima: zamani tulikuwa na nyumba Brownlow Hill. Ile A nayo ikapewa maelezo, eti nyumba ilikuwa kubwa mno ikabidi igawanywe mara mbili. Mimi sikuwa na shaka. Kwetu nako kila ukoo una shamba lake la minazi lililodhulumiwa, ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kuliona.

Aliyeibomoa nyumba hiyo ni mume wangu, usiku mmoja, akiwa kochini na simu yake. Kumbe wanaofuatilia nasaba za watu wa Liverpool wanaifahamu sana anwani ile. Mwaka 1904 Msajili Mkuu alielekeza kwamba mtoto akizaliwa katika nyumba ya maskini, cheti chake kisilitaje jambo hilo, lisije likamfuata maisha yake yote. Iandikwe anwani ya kawaida tu. Liverpool wakaandika 144A Brownlow Hill, na nyuma ya namba hiyo ndogo kulikuwa na nyumba ya maskini iliyohesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa Ulaya, yenye maelfu ya watu.

Kwa asiyezijua nyumba hizi: sheria ya mwaka 1834 ilitaka maisha ya ndani yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili mtu asiombe kuingia mpaka ameishiwa kabisa. Mume alilala upande wake, mke upande wake, watoto kwao. Nguo zako ulizivua mlangoni ukapewa za nyumba. Wengine walishinda wakichambua nyuzi za kamba kuukuu za meli mpaka vidole vikachubuka.

Mama alikaa siku mbili bila kulizungumzia. Ya tatu akaniambia nimwangalizie nauli.

Ukitoka stesheni ya Lime Street unavuka barabara, unapita nguzo za St George's Hall, na Maktaba Kuu hiyo hapo. Nyaraka ziko ghorofa za juu. Rejista za nyumba ya maskini zilizopigwa picha husomwa kwa mashine, nasi tulipewa filamu na kijana mpole aliyetuonesha jinsi ya kuizungusha. Ukizungusha haraka, mistari inakimbia mpaka kichefuchefu. Nikazungusha polepole. Nimefanya wodi ya wazee miaka mingi, nimesoma miandiko ya madaktari; huyu karani wa 1911 aliandika vizuri kuliko wote.

Tulimpata bibi yake Mama, yule aliyejifungua mwaka 1911, baada ya saa moja na nusu. Jina la ukoo la Kiayalandi. Umri, 19. Kazi, mtumishi wa ndani. Dini, herufi mbili tu, R na C, yaani Mkatoliki. Sababu ya kuingia, neno moja: mimba. Mama amelelewa Kimethodisti. Akaziwekea kidole zile herufi mbili kwenye kioo, akakiacha hapo. "Hakuna aliyetuambia," akasema. Mimba haikumshtua. Dini ndiyo iliyomshtua.

Ningekuwa peke yangu ningefunga mashine nikaondoka na ushindi wangu. Lakini yule kijana alituambia maskini walikuwa wakiingia na kutoka, tusiridhike na mara moja. Kweli. Alitoka na mtoto majuma matatu baada ya kujifungua. Novemba jina lile lile likarudi, umri ule ule, kazi ile ile, safari hii peke yake. Mtoto hayupo. Mama alikuwa wa kwanza kuelewa. Mama yake alilelewa na dada wa binti huyu, waliyemwita bibi wa Bootle, mji ulio jirani na Liverpool, na siku zote ilisemwa kwamba alipelekwa huko kwa sababu alikuwa mtoto mtundu. Mtundu, wa miezi sita!

Niliwaza juu ya karani yule. Daftari lake lilikuwa la kulinda fedha za walipa kodi, lijulikane nani amekula mkate wa nani. Hakuna aliyempiga picha binti huyu, hakuna aliyetunza barua yake. Waliomwandika ni wale waliomhesabia ugali.

Mchana tukapanda kilima. Brownlow Hill inaanzia kwenye hoteli ya Adelphi, na Mama na fimbo yake alisimama mara nne. Nyumba ya maskini ilifungwa mwaka 1928, ikabomolewa, na kiwanja kikanunuliwa na Kanisa Katoliki. Leo pana kanisa kuu la mviringo lililowekwa wakfu mwaka 1967, mfano wa hema kubwa la zege lililovishwa taji. Ndani, mwanga wa vioo vya rangi ulianguka bluu na nyekundu sakafuni. Mama akauliza wodi ya wazazi ingekuwa upande gani. Mzee wa zamu hakujua.

Mimi pale nilikuwa na mtu wangu. Katika chuo cha uuguzi tulimsoma Florence Nightingale mpaka tukachoka, lakini hatukufundishwa habari za Agnes Jones, aliyekuja hapa mwaka 1865 na wauguzi 12 waliosomea kazi, wakati wagonjwa maskini walikuwa wakiuguzwa na maskini wenzao. Mwaka 1868 homa ya tifasi ikamuua, na umri wake 35. Nikamsimulia Mama tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nje, tukimalizia sambusa zilizokwisha kupoa.

Kwenye treni ya kurudi dada yake akapiga simu. "Nyumba tumeiona," Mama akamwambia. "Ndiyo. Kubwa kuliko tulivyodhani." Akacheka kidogo, halafu akashusha sauti. "Hivi, bibi wa Bootle alipofariki, makaratasi yake alichukua nani?"