Siku moja maishani mwangu: kiangazi, bamvua na ndege mwenye alama ya kuuliza

Saa kumi usiku, siku ya kazi: mimi ni mwongozaji wa watazamaji wa ndege. Kitu cha kwanza kuangalia si simu, ni karatasi ya maji niliyoibandika ukutani juu ya mtungi. Leo ni bamvua, siku za maji makubwa: maji yanakupwa saa nne na nusu asubuhi, yanajaa saa kumi na moja kasorobo jioni. Basi siku imeshajipanga yenyewe. Alfajiri msituni, mchana kivulini, alasiri kwenye hori la Mida. Mwezi wa pili huku kwetu Kilifi kaskazi bado inavuma na jua halina huruma, lakini ndio msimu wenyewe. Wageni wote wako nyumbani, wa mabawa na wa ndege za abiria.

Saa kumi na nusu bodaboda yuko mlangoni. Mgeni wangu leo ni mzee wa miaka sitini na kitu kutoka Muscat, Omani. Mamake alilelewa Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, kisha swali moja kwa moja: "Mwanangu, huyo bundi yupo au unanipeleka kutembea?"

Namwambia yupo. Kuonekana ni jambo jingine.

Arabuko-Sokoke ni kama kilomita za mraba 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki. Asiyeujua anadhani ni msitu mmoja, kumbe hubadilika na udongo. Kwenye mchanga mweupe ni mirihi, mirefu na yenye nafasi. Kwenye udongo mwekundu ni kichaka kigumu cha miti mifupi inayokuvua kofia, na bundi mdogo wa Sokoke anaishi huko kwenye wekundu. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1966. Uzito wake ni gramu hamsini hivi, yaani kama yai la kuku. Nje ya msitu wetu, mahali pengine anapojulikana ni misitu ya chini ya Usambara, Tanzania.

Saa kumi na moja na robo tunamsikia. Hu-hu-hu-hu, taratibu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Mzee anaguna. "Nyanya yangu angesikia hivyo angetia chumvi motoni." Nyanya yangu pia. Nimekua nikiambiwa bundi akilia juu ya paa kuna maiti, na leo bundi ndiye anayenilipia unga. Maisha!

Simu yangu ina sauti ya bundi huyo, naweza kumwita akaja. Siku hizi siichezi. Kuna waongozaji wanaoipiga mara kumi kwa asubuhi moja, na ndege anaacha kuwinda kwa kudhani amevamiwa. Tunasubiri mwanga, kisha tunatafuta tawi. Tawi la wiki iliyopita ni tupu. La pili, tupu. Saa moja asubuhi mzee ameshachanwa mkono na mwiba na hasemi kitu, na mteja asiyesema kitu ndiye wa kuogopa. Saa moja na nusu nainama kukwepa tawi, nikiinuka nakutana naye uso kwa uso, kimo cha kifua changu tu: wawili, wamebanana bega kwa bega, mmoja wa kijivu, mwingine rangi ya kutu kama udongo uliokuwa chini yake. Masikio yamesimama. Yule wa kutu akafungua jicho moja, la manjano, akatutazama, akalifunga. Ndivyo tulivyopokelewa.

Mzee alipiga picha tatu, akateremsha kamera mwenyewe bila kuambiwa. Hapo nikampenda.

Upande wa mirihi tulimtafuta ndege aitwaye kwera wa Clarke, na hakuonekana. Huyu ni wa Kilifi peke yake, dunia nzima hana kwingine, na miaka mia moja baada ya kuelezwa kitaalamu hakuna aliyejua anataga wapi. Kiota chake kilipatikana 2013, kwenye kinamasi cha Dakatcha, kaskazini mwa hapa. Nikamwambia mzee kwamba hata sisi tuliozaliwa naye tulikuwa hatujui nyumba yake. Badala yake tulipata sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, aliyekatiza njia mbio kama mwenye deni.

Saa tatu, mahamri na mbaazi za nazi kibandani Gede. Saa nne mpaka saa saba sina cha kuwasimulia. Joto. Nililala mkekani, nikamwandikia kampuni moja ya watalii inayonidai uvumilivu tangu Desemba huku mimi nikiidai pesa. Alama mbili za buluu, jibu hakuna.

Saa nane tuko Mida, kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Daraja hili nina habari nalo. Kiingilio cha wageni husaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi kandokando ya msitu, kupitia ASSETS, mpango wa karo unaotokana na utalii, na mmoja wa watoto hao nilikuwa mimi. Kila ubao unaolia nikiukanyaga nahisi unaniita kwa jina.

Sasa sikiliza jinsi hori linavyofanya kazi. Maji yakikupwa, ndege wametawanyika kwenye tope mpaka macho yanachoka. Yakijaa, tope limezama nao wameondoka. Katikati pana saa moja na nusu ambapo maji yanawasukuma polepole kuja upande wako, hatua kwa hatua, kama mchungaji. Ukichelewa umekosa.

Saa tisa kasorobo wakaanza kuja. Vitwitwi kwanza, ndege wadogo wa topeni, mamia. Sululu wenye midomo ya upanga. Yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, anayekimbia kama amesahau chakula jikoni. Kisha mzee akanishika mkono. "Hao! Hao wetu!"

Ndege wala kaa. Weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati-kijivu, mdomo mnene mweusi kama nyundo. Nilihesabu hadi karibu mia mbili. Kwa watazamaji wa ndege wa Ulaya huyu ni ndege wa kufungia safari, kwa sababu katika jamii yake yuko peke yake, hana binamu. Mzee anawajua kutoka Barr al Hikman, kule kwao, ambako hukusanyika kwa maelfu. Akanieleza nami nikamwongezea: wakati wa kiangazi cha Ghuba, joto la kuua mtu, wao ndipo wanapozaa. Huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe, na mchanga wenyewe husaidia kulitamia. Baadaye huja kwetu na watoto.

Na mtoto tulimwona. Mkubwa sawa na mamake, ila wa kijivu, amemganda nyuma, kichwa chini, akililia chakula kwa sauti nyembamba isiyokoma. Mama akakamata kaa, akamgonga chini mara mbili, akamgawia. Mtoto akameza, akaanza kulia tena. Mzee alicheka mpaka akakaa. "Wangu ana miaka thelathini, yuko hivyo hivyo."

Majahazi nayo yalikuja na kaskazi, akasema baadaye kidogo. Babu yake mzaa mama alishukia Malindi na tende na chumvi. Sikumjibu, nilikuwa na jicho kwenye skopu, darubini yangu kubwa.

Kwani kulikuwa na kitu. Kati ya vitwitwi wadogo, mmoja mfupi wa miguu, mdomo mrefu kuliko kichwa chake, na nikadhani ncha yake imevunjika kuelekea chini. Kama ni hivyo, ni yule wa mdomo mpana, mgeni adimu wa kaskazi, na tena ana nyusi mbili juu ya kila jicho. Nyusi niliona moja. Ya pili nilikuwa naitafuta, pumzi nimeishika, mara kozi, ndege mwindaji, akapita chini chini na hori lote likaruka. Dakika moja ya mabawa, kisha tope tupu.

"Umemwona?" mzee akauliza. "Muandike!"

Hapo ndipo kazi yangu ilipo, si msituni. Orodha zangu huenda Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa nchi. Ramani imegawanywa vipande vya kama kilomita tisa kwa tisa, unakaa angalau saa mbili, unaandika kila ndege kwa mfuatano ulivyomwona. Kesho mtu asiyenijua ataisoma akiamini nilichoandika. Nusu ya ndege haiandikwi. Mzee alinuna kidogo, kisha akaniuliza kama wala kaa nimewaandika wangapi.

Saa kumi na mbili na robo ndege keremkerem wekundu walianza kumiminika kutoka bara kwenda kulala mikokoni, makundi kwa makundi, jua likiwa mgongoni mwao. Hawa hakuna aliyewatilia shaka.

Saa tatu usiku. Orodha imekwenda, spishi 71. Kwenye daftari langu la karatasi, pembeni, nimeandika "mdomo mpana" na alama ya kuuliza. Mzee amenitumia picha kwa WhatsApp, alipiga kabla kozi hajapita. Nimeivuta kubwa mara nne. Mwili upo, miguu ipo, jicho lipo. Ncha ya mdomo imeangukia nyuma ya mguu wa sululu.

Kesho maji yanajaa saa kumi na moja na dakika ishirini. Nimemwambia bodaboda aje saa nane.