"Daraja la nne" katika vitabu vya ndoa vya Ulaya

Ndugu mnaofuatilia koo za Wakatoliki wa Italia, Ufaransa au Hispania, shikeni hili kabla ya kuchora mti wa ukoo. Tangu Mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Laterano wa 1215, Kanisa lilikataza ndoa za undugu wa damu hadi daraja, yaani hatua ya ukaribu wa undugu, la 4 (awali lilikuwa la 7, balaa kwa wanavijiji!). Hesabu inaanzia kwa babu wa pamoja na kushuka upande mmoja tu: watoto wake daraja la 1, wajukuu la 2, vitukuu la 3, vilembwe la 4. Wengi huhesabu kwa kupanda na kushuka pande zote mbili, kama sheria ya Kirumi, ambako mabinamu ndio daraja la 4. Hapo vilembwe wanageuzwa mabinamu na mti wote unaharibika.

Kibali (ruhusa ya Kanisa ya kuoana licha ya katazo hilo) kikitajwa kitabuni, tafuteni ombi lenyewe kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Kanisa. Mara nyingi lina mchoro wa ukoo pamoja na sababu za kuomba: kijiji kidogo, au bibi arusi kupita miaka 24. Na mjane aliyeoa binamu wa marehemu mkewe naye alihitaji kibali, hata bila undugu wa damu.